Mfupi, Mzee, na Timu Inayoanza Upya

Msimu wa 2000 timu ya San Diego Chargers ilicheza mechi 16, ikashinda moja. Aibu hiyo ilianza kupikwa mwaka 1998, pale klabu ilipotumia nafasi ya pili ya drafti, ule mgawo wa kila mwaka ambamo timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, huchagua vijana wanaotoka vyuoni, kumchukua Ryan Leaf. Leaf alikuwa na kila kitu ambacho macho ya wasaka vipaji huvutiwa nacho: kimo cha mita 1.96, mkono wenye nguvu, na miaka mingi mbele yake. Kufikia Machi 2001 alikuwa ameshaachwa. Aliyeletwa kushika nafasi yake ya kwotabeki ni Doug Flutie, mwenye kimo cha mita 1.78 na umri wa miaka 38.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, na ndani ya sekunde tatu hivi huamua: aurushe kwa nani, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Soka tunalolijua halina nafasi inayobeba uzito kama huo. Kwa hiyo klabu iliyoshinda mechi moja ilipomkabidhi kazi hiyo mtu mfupi aliyekaribia miaka 40, wengi waliona imekata tamaa. Timu inayojengwa upya inahitaji kijana, walisema; mzee ataila miaka ambayo kijana angeitumia kujifunza, kisha ataondoka na kuacha nyumba tupu.

Mimi naamini San Diego walifanya sawa, na naamini hivyo nikijua vizuri kwamba msimu huo wa 2001 waliishia kushinda mechi tano na kupoteza 11. Lakini haki ya Flutie kuiongoza timu ile ilikuwa na masharti, na masharti hayo ndiyo ambayo klabu nyingi hadi leo hazijayaelewa.

Tuanze na kimo, kwa kuwa ndicho kilichomfuata tangu ujana. Novemba 23, 1984, akiwa Boston College, Flutie alirusha pasi ya mwisho kabisa wa mechi dhidi ya Miami, mpira ukamfikia Gerard Phelan ndani ya eneo la mwisho, ushindi wa 47-45. Mwaka huo alipewa tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Ilipofika zamu ya NFL kumchagua, mwaka 1985, alisubiri hadi raundi ya 11. Tayari alikuwa amesaini na ligi pinzani ya USFL, na hilo lilichangia, lakini hofu kubwa ilikuwa ile ile: ataonaje juu ya wale majitu?

Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, kwa sababu hakuna kwotabeki anayeona juu yao. Walinzi watano wanaosimama mbele yake wana wastani wa karibu mita 1.95, na wanaowakabili ni wakubwa vilevile, wamevaa kofia ngumu na wamenyoosha mikono. Hata mtu wa kimo cha Leaf hutazama kupitia mianya inayofunguka na kufungika kati ya miili hiyo. Mfupi naye hutazama humo humo, ila mianya yake ni michache zaidi na hufungika mapema zaidi. Hasara hiyo ni ya kweli, sitaidogosha. Mchezaji mfupi hawezi kuipuuza. Lazima awe na ufumbuzi wake. Kazi ya mchambuzi ni kuutambua ufumbuzi huo.

Ufumbuzi wa Flutie ulikuwa miguu. Alirudi nyuma hatua kadhaa zaidi ya kawaida, akateleza kulia au kushoto mpaka atoke nje ya ukuta wa walinzi hao, na kutoka huko, uwanja ukiwa wazi mbele ya macho yake, akarusha. Kanada ndiko alikouboresha mtindo huo. Uwanja wa Kanada una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, wakati wa Marekani ni yadi 100 kwa 53 na kidogo. Huko Kanada kila upande una wachezaji 12. Na timu hupewa majaribio matatu tu, badala ya manne, kusogeza mpira yadi kumi. Majaribio yakiwa machache, hulazimika kurusha. Uwanja ukiwa mpana, mwenye miguu hutawala. Flutie alikaa huko misimu minane, 1990 hadi 1997. Mwaka 1991 pekee alirusha yadi 6,619. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara sita, akatwaa kombe la Grey Cup mara tatu, mara moja na Calgary na mara mbili na Toronto. Aliporejea NFL mwaka 1998 alikuwa na miaka 35 na hakuna kwotabeki aliyekuwa hodari kumzidi wa kucheza nje ya ukuta.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomtetea Flutie kwa mapenzi tu, na nampenda sana pia. Watu huhesabu ufupi na uzee kama kasoro mbili zilizo mbali mbali, kana kwamba mtu anaweza kuzijumlisha. Kwa mchezaji wa aina yake, moja hula dawa ya nyingine. Ufupi wake uliponywa na miguu, na umri huanza na miguu. Mkono wa kwotabeki unaweza kudumu hadi miaka 40. Akili yake ya kusoma ulinzi wa wapinzani huzidi kukomaa, na ndiyo maana wahenga walisema utu uzima dawa. Lakini zile hatua mbili za haraka za kumponyoka mtu wa kilo 130, hizo hazina mkataba wa muda mrefu.

Kabla ya San Diego kulikuwa na Buffalo Bills, na lazima tupite huko, kwa sababu Buffalo walitenda kosa la kinyume. Mwaka 1998 Bills walitoa nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti kumpata Rob Johnson kutoka Jacksonville, wakampa mkataba mnono. Johnson alikuwa na mita 1.93, kijana, na sura hasa ya kwotabeki wa picha. Flutie aliletwa kama akiba ya bei nafuu. Johnson akaumia, Flutie akaingia, akashinda mechi saba kati ya kumi alizoanza, akachaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Msimu uliofuata akaanza mechi 15 na kushinda kumi. Buffalo ikafuzu hatua ya mtoano. Kocha Wade Phillips akampumzisha katika mechi ya mwisho ya msimu, Johnson akacheza vizuri, na ndipo ukaja uamuzi ambao mashabiki wa Buffalo hawajausahau: Januari 8, 2000, mjini Nashville, dhidi ya Tennessee Titans, aliyeanza ni Johnson.

Mechi ile inakumbukwa kwa mwisho wake, pale Frank Wycheck alipomrushia Kevin Dyson mpira kwa upande baada ya Buffalo kuanzisha upya, naye Dyson akakimbia yadi 75. Titans wakashinda 22-16. Watu hubishana mpaka leo kama pasi ile ilikwenda mbele, kinyume cha sheria. Mimi hutazama zaidi saa tatu zilizotangulia, ambamo Johnson aliangushwa na mpira mkononi mara sita. Msimu wa 2000, nyuma ya walinzi wale wale, aliangushwa mara 49. Ukuta haukuwa mzuri, lakini Flutie aliishi nyuma ya ukuta huo huo kwa sababu hakusimama palipo na hatari. Katika mechi alizoanza mwaka huo, Flutie alishinda nne kati ya tano. Johnson alishinda nne kati ya 11. Kisha uongozi mpya wa Buffalo ukaamua kubaki na Johnson na kumwacha Flutie. Buffalo haikucheza tena hatua ya mtoano mpaka msimu wa 2017.

Buffalo haikuwa ikijengwa upya. Ilikuwa timu iliyokamilika, yenye ulinzi bora kabisa, na ilichohitaji ni mtu wa kushinda mechi ile, Jumamosi ile. Hapo umri haukuwa na uzito wowote. Mtu mwenye miaka 37 anayeweza kushinda wiki hii ndiye mtu sahihi wa wiki hii. Walimnyima nafasi mahali alipoistahili bila shaka yoyote, na wakampa kijana kwa sababu kijana ndiye waliyemlipia.

Aliyekuwa meneja mkuu wa Buffalo wakati wa kumsajili Flutie ni John Butler. Naye aliondolewa mwishoni mwa mwaka 2000, akaenda San Diego. Alichofanya Butler katika miezi michache ya kwanza kinastahili kusomwa na kila anayejenga timu kutoka sifuri. Chargers walikuwa na nafasi ya kwanza katika drafti ya 2001, na kila mtu alijua ingetumiwa kumchukua kwotabeki Michael Vick. Butler aliiuza kwa Atlanta. Akapata nafasi ya tano, nafasi ya raundi ya tatu, nyingine ya raundi ya pili mwaka uliofuata, na mpokeaji Tim Dwight. Kwa nafasi ya tano akamchukua mkimbiaji LaDainian Tomlinson. Raundi ya pili ilipofunguliwa, mchezaji wa 32 kwa jumla, akamchukua kwotabeki wa chuo cha Purdue ambaye wengi walimruka kwa kuwa alikuwa na mita 1.83 tu: Drew Brees.

Ukitazama hatua hizo kwa pamoja, usajili wa Flutie unabadilika sura. Hakutolewa mchezaji wala nafasi ya drafti kumpata, kwa kuwa Buffalo walishamwacha. Hakumzuia kijana yeyote aliyekuwa tayari, kwa kuwa Brees ndiyo kwanza ametoka chuoni. Na alikuwa mtu ambaye kijana mfupi angeweza kumtazama kila siku mazoezini, akajifunza jinsi mtu wa kimo hicho anavyopata riziki katika ligi ya majitu. Sharti la kwanza la mzee kuongoza timu changa ni hilo: asiigharimu timu kesho yake.

Na mwanzoni ilikuwa furaha. Mechi ya kwanza waliifunga Washington 30-3. Walikwenda Foxborough, nyumbani kwa New England Patriots, mwezi Oktoba, wakaongoza 26-16 katika robo ya mwisho, kabla ya kijana mmoja aliyechaguliwa wa 199 mwaka uliotangulia, Tom Brady, kuwarudisha Patriots na kushinda 29-26 katika muda wa nyongeza. Oktoba 28, siku tano baada ya kutimiza miaka 39, Flutie aliikaribisha Buffalo, Johnson akiwa upande wa pili. Dakika za mwisho alikimbia mwenyewe yadi 13, akaingia eneo la mwisho, 27-24. Wachezaji wenzake walimrukia kama watoto. Chargers walikuwa wameshinda tano na kupoteza mbili, timu ambayo mwaka mmoja nyuma ilishinda moja tu mwaka mzima.

Hawakushinda tena msimu ule. Walipoteza mechi tisa mfululizo, kadhaa kwa tofauti ya pointi tatu au tano. Flutie alimaliza na yadi 3,464, pasi 15 za tachidauni, yaani za kufunga katika eneo la mwisho, na pasi 18 zilizonaswa na wapinzani. Wanaomlaumu husema uzee ulimkamata katikati ya msimu, na kwa sehemu ni kweli. Mechi 16 kwa mtu wa umri ule ni nyingi, na alipolazimika kubaki ndani ya ukuta aliona kidogo na kurusha kwa kubahatisha. Wapinzani nao walijifunza kumfungia pembeni, kumnyima ile njia ya kutokea kulia ambako alifanyia kazi zake nyingi. Hiki ndicho nilichokisema juu ya miguu. Mtu aliyetegemea kutoka nje ya ukuta, ukimfungia ndani, kimo chake kinarudi kuwa tatizo alilokuwa amelitatua miaka kumi nyuma.

Hata hivyo timu ile ilipata kitu mwaka huo. Tomlinson alikimbia yadi 1,236 katika msimu wake wa kwanza, kwa sababu wapinzani walilazimika kumheshimu aliyekuwa akirusha. Brees alicheza mechi moja tu, Novemba, Flutie alipopata mtikisiko wa ubongo dhidi ya Kansas City. Muda uliobaki alitazama, akajifunza, hakuvunjwa mbavu nyuma ya ukuta uliokuwa bado unashonwa. Kocha Mike Riley alifukuzwa, akaja Marty Schottenheimer, na mwaka 2002 Brees akaanza mechi zote 16 na kushinda nane. Makabidhiano yalifanyika kwa wakati. Sharti la pili lilitimia: mzee alipewa kiti huku tarehe ya kukiachia ikijulikana na wote.

Haikuwa mara ya kwanza kwa ligi hii kujaribu hivyo. Dallas Cowboys walipoanzishwa mwaka 1960, kwotabeki wao wa kwanza alikuwa Eddie LeBaron, mwenye mita 1.70, mkongwe wa vita vya Korea na mwanasheria aliyekuwa ameshaamua kustaafu mchezo. Msimu wa kwanza walipoteza mechi 11 na kutoka sare moja. Kocha Tom Landry alimlea kijana Don Meredith taratibu chini ya LeBaron. Mwaka 1962 ilifika hatua ya kuwapokezana kila jaribio moja, huyu akiingia yule akitoka. LeBaron alistaafu baada ya msimu wa 1963. Miaka michache baadaye Meredith aliifikisha Dallas kwenye fainali za ligi za 1966 na 1967. Hakuna anayehesabu mechi alizopoteza LeBaron kama hasara ya Cowboys.

Linganisha na New York Giants mwaka 2025. Walitoka kushinda mechi tatu kati ya 17. Wakamsajili Russell Wilson, mwenye mita 1.80 na miaka 36, kisha wakapanda juu katika drafti kumchukua Jaxson Dart mwishoni mwa raundi ya kwanza. Kwa karatasi, ni San Diego ya 2001 tena. Wilson naye alikuwa mfupi wa ufumbuzi wa miguu: enzi zake Seattle alizunguka nyuma ya ukuta mpaka walinzi wa wapinzani wakachoka, kisha akarusha mpira mrefu unaoshuka taratibu mikononi mwa mpokeaji. Dhidi ya Dallas mwezi Septemba alirusha yadi 450, na Giants wakapoteza 40-37 katika muda wa nyongeza. Mechi mbili nyingine alizoanza, ya kabla na ya baada ya hapo, hakurusha tachidauni hata moja. Baada ya tatu hizo, Dart akapewa kazi na kuwafunga Chargers 21-18.

Wengi waliliona hilo kama ushahidi kwamba mzee mfupi hapaswi kupewa timu changa. Mimi nadhani Giants walikosea sharti la pili. Kocha Brian Daboll aliingia msimu akihitaji ushindi ili kuokoa kazi yake, na kocha wa namna hiyo hawezi kumpa mzee muda aliomwahidi wala kumpa kijana muda anaouhitaji. Daboll alifukuzwa Novemba. Butler hakuwa na hofu hiyo mwaka 2001. Ndio kwanza alikuwa ameajiriwa, na alijua mwaka ule ulikuwa wa kupanda mbegu.

Inabaki mwaka 2003, ambao ni mgumu zaidi kwa hoja yangu. Butler alifariki Aprili mwaka huo, na aliyemrithi ni A.J. Smith. Brees aliyumba, timu ikawa inapoteza karibu kila wiki, na Novemba Schottenheimer akamrudisha Flutie, sasa mwenye miaka 41. Mechi ya kwanza aliifunga Minnesota 42-28, akirusha tachidauni mbili na kukimbia nyingine mbili. Alianza mechi tano, akashinda mbili, kisha Brees akarudishwa. Kumpumzisha kijana anayezama ni ukocha halali, na siwezi kulilaumu hilo. Ninacholaumu ni somo ambalo klabu ilijifunza. Waliwatazama Flutie na Brees, wakaona wafupi wawili walioshindwa, na katika drafti ya 2004 wakafanya biashara iliyowaletea Philip Rivers, mwenye mita 1.96.

Hawakuona kwamba Brees alikuwa mfupi wa aina nyingine. Hakutegemea kukimbia. Ufumbuzi wake ulikuwa mpangilio wa nyayo, usahihi, na kurusha mpira mpokeaji akiwa bado hajageuka, kupitia mwanya uliopo sasa hivi. Ufumbuzi huo hauzeeki haraka. Mwaka 2004, Rivers akiwa benchi, Brees alirusha tachidauni 27 na kunaswa mara saba tu. Chargers wakashinda mechi 12. Mwisho wa 2005 akaumia bega la mkono anaorushia, klabu ikatoa ofa ya kusitasita, naye akaenda New Orleans, timu iliyokuwa imebomoka pamoja na mji wake baada ya kimbunga Katrina. Rivers alikuwa kwotabeki bora kwa miaka mingi na sina neno baya juu yake. Lakini hakucheza Super Bowl, fainali ya ligi, hata mara moja. Brees alishinda Super Bowl ya msimu wa 2009, na alipostaafu baada ya msimu wa 2020, akiwa na miaka 42, alikuwa amerusha yadi 80,358, nyingi kuliko kwotabeki yeyote hadi siku hiyo. Chargers, ambao wakati mmoja walikuwa na wafupi wawili bora kabisa wa kizazi chao katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo, bado hawajatwaa Super Bowl.